Majani Yangu, Nyota Zake

Mwajuma ni mjukuu wa dada yangu Tatu, kwa hiyo ni wangu pia. Anachora maua ya vitambaa katika kiwanda kimoja hapa mjini. Juzi alikuja Temeke kutusalimia, akakaa ukumbini na karatasi zake, chai ikapoa mbele yake mpaka ikaota utando. Nilimwuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, ila kuna ua amelichora, na kila akilitazama anahisi kama aliwahi kuliona mahali. Ameuliza wenzake, ametazama vitambaa vya maduka yote ya Kariakoo, hakuliona. Lakini hisia haiondoki.

"Babu, nitajuaje kama si la mtu mwingine?"

Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nimechoka, na swali lenyewe nimelala nalo maisha yangu yote ya kazi. Ndiyo maana naandika sasa, kwa ajili yake na nyinyi wenzake mnaopata riziki kwa kuchora. Msitegemee dawa. Nitawaeleza tu yaliyonipata mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora kofia. Nyinyi mnazikuta dukani zimeshonwa kwa mashine, zimepangwa kama sahani. Enzi zile, Waingereza wakitawala, kofia nzuri ilishonwa kwa mkono, na ilipita mikono mingi kabla ya kufika kichwani. Mchoraji alikata bafta, kitambaa cheupe cha pamba, akaikunja mara mbili, akachora ua kwa penseli kwenye duara la juu na kwenye ukuta wa pembeni. Kisha alikuja Bi Mwanahawa na kikapu chake. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, miguu yake haikujua kuchoka, akichukua vitambaa kwa wachoraji wa Temeke, Ilala na Kinondoni na kuvigawa majumbani kwa wanawake wanaoshona. Mshonaji alifuata mistari, akatoboa vitundu kwa mwiba wa nungunungu na kuzungushia kila kitundu uzi. Kofia ikishakamilika inafuliwa, penseli yote inatoka, inapigwa wanga wa muhogo na kuvalishwa juu ya kibuyu ikauke. Kumbukeni hilo la penseli kutoka. Mchoro wa fundi ulikwenda na maji ya sabuni. Kilichobaki ni uzi.

Niliingia kazini kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Tatu, na nyuma ya Tatu alikuwa Hamisi, ambaye alikuwa bado analialia akiona mtu aliyevaa khanga inayofanana na ya mama. Niliacha shule darasa la tatu. Mwalimu alinifuata nyumbani, akanikuta natwanga, akasema nikipata nafasi nirudi. Sijaipata mpaka leo.

Mzee Shomari, mchoraji mkubwa wa Temeke wakati ule, alikuwa jirani yetu. Alinichukua bila maneno mengi. Aliniambia nikae barazani kwake nichonge penseli, na mchana nipeleke chakula kwa wadogo zangu. Kuchonga penseli nilikuchukia, lakini ndiko kulikonifundisha kwamba ncha nene hudanganya: mshonaji hajui afuate upande gani wa mstari.

Kofia yangu ya kwanza iliniaibisha. Niliichora kwenye bafta mpya ambayo sikuifua kwanza. Ilipofuliwa kitambaa kikanywea, na mwenyewe, muuza samaki mwenye kichwa kikubwa, ilimkaa utosini kama kifuniko cha chungu. Hakuirudisha. Aliivaa hivyohivyo sokoni kwa makusudi, na kila aliyecheka alimwonyesha nyumba yangu. Tangu siku ile nilifua kila kitambaa kabla ya kukigusa, lakini moyoni nilibaki nikiamini kwamba kitambaa kitanywea tu hata ukifanyaje. Imani hiyo iliniponza baadaye.

Sasa nije kwenye hofu.

Nilipoanza kuchora maua yangu mwenyewe niliogopa kuiga. Nani angemwamini yatima asiye na ukoo wa ufundi? Nikajiwekea sharti la kutotazama kofia za watu. Njiani nilitembea nimeinamisha kichwa, msikitini nilitazama visigino vya aliye mbele. Vijana wa mtaani wakawa wananiuliza nimedondosha nini. Nilijiona mwadilifu sana.

Mzee Shomari aliliona hilo akacheka mpaka akakohoa. Yeye alitazama kila kichwa kilichopita, tena alimsimamisha mtu barabarani akaomba kuivua kofia yake aikague ndani. "Usipotazama," aliniambia, "utajuaje umeiba?"

Sikumwelewa. Nilidhani anasema hivyo kwa kuwa yeye ni mkubwa na hakuna wa kumshuku.

Wachoraji walikuwa na utaratibu wao, tukiuita kupitisha. Ukichora ua jipya, unalipeleka likiwa bado penseli kwa wachoraji wakubwa. Kila mmoja analitazama kwa nafasi yake. Akiona ni geni, anachukua mwiba wake mwenyewe na kutoboa kitundu kimoja pembeni mwa kitambaa. Vitundu hivyo ndivyo vilivyokuwa ushahidi wako. Akiliona linafanana na la mtu, anakurudishia bila kutoboa, na unalifuta bila ubishi. Anayekamatwa ameuza ua la mwenzake anavunjiwa mwiba mbele ya watu, na baada ya hapo Bi Mwanahawa haweki tena kitambaa chake kikapuni. Hapo kazi imekwisha. Unaweza kuchora mpaka ujaze nyumba, hakuna atakayekushonea.

Nilikuwa nimeshazoea kazi, na vita ya wazungu ilikuwa imekwisha na bafta imeanza kuonekana tena madukani, aliponijia Bwana Mbaraka, mtu mwenye heshima zake hapa Temeke. Mpwa wake alikuwa anaoa. Alitaka kofia za bwana harusi na vijana watakaomsindikiza, zote ua moja, na liwe ua ambalo hakuna kichwa kilichowahi kulivaa. Kazi kama ile ikifanikiwa, mchoraji anajulikana. Ikiharibika, anajulikana zaidi.

Nilichora majani. Majani membamba, yaliyolala manne manne, ncha zikielekeana, na katikati yao nikaacha nafasi tupu ili macho yapumzike. Nilijivunia ile nafasi kuliko majani yenyewe. Nikalipitisha. Mzee Shomari alilishika muda mrefu, akatoboa. Wengine wakatoboa. Nikampa Tatu ashone, kwa maana sikuwa namwamini mshonaji mwingine kwa kazi kubwa. Mkono wake ulikuwa unasifiwa, na kofia zangu zilikuwa na sifa moja kila mtu aliyoijua: zilisimama. Unaweza kuikunja ukaitia mfukoni wiki nzima, ukiitoa ukuta wake unasimama kama umetoka kibuyuni. Watu waliniuliza siri yake. Nilikuwa najibu kwamba ni wanga.

Kofia zilipokauka niliona majani yamekaribiana kuliko nilivyochora. Sikujiuliza. Nilisema kitambaa kimenywea, basi.

Ijumaa ya kabla ya harusi, Bwana Mbaraka alikuja kwangu moja kwa moja kutoka msikitini. Hakukaa. Alikuwa ameshika mojawapo ya zile kofia, akaniuliza niliichora lini. Nikamwambia. Akasema katika safu ya mbele yake alisali mtu mgeni kutoka Kinondoni, amevaa ua hilihili, na alipomwuliza, yule mtu alijibu kwa fahari kwamba amechorewa na shemeji yake, Fundi Kasimu.

Nilimfahamu Kasimu kwa jina. Alikuwa mchoraji mzuri wa Kinondoni, mkubwa wangu kwa umri. Sikuwahi kukanyaga kwake. Nilijua sikuiba, lakini nawaambia ukweli, usiku wa kuamkia kesho yake sikuwa na uhakika tena. Nilikumbuka vichwa vyote nilivyowahi kuviona tangu utotoni. Huenda jani lile liliniingia jichoni siku moja likalala humo, nami nikalitoa nikidhani ni langu. Mtu anawezaje kuapa juu ya kitu ambacho huenda alikisahau? Mwajuma, hisia uliyonieleza ndiyo hiyo. Naijua mpaka ladha yake mdomoni.

Asubuhi tulikutana barazani kwa Mzee Shomari. Tatu alikuja nami, akaingia uani kukaa na mke wa Mzee. Bwana Mbaraka alikuwepo, Bi Mwanahawa alikuwepo na kikapu chake, na wachoraji wawili watatu walikuja kutazama. Kasimu alifika na kofia ya shemeji yake imekunjwa mfukoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kuchelewa.

"Bwana mdogo," aliniambia, "kumbe kule kuinamisha kichwa njiani ulikuwa unatazama kwa pembe ya jicho."

Watu wakacheka. Nami ningecheka, angekuwa anasemwa mwingine.

Mzee Shomari aliziweka kofia mbili kwenye mkeka. Zilikuwa moja. Huwezi kusema zinakaribiana. Ukizigeuza ukazichanganya hungejua ipi imetoka wapi. Akampa kila mmoja wetu kipande cha bafta na penseli, akatukalisha tukiwa tumepeana migongo, akasema kila mtu achore ua lake kama alivyolichora mara ya kwanza. Mkono wangu ulikumbuka. Nilichora majani yangu, nikaacha nafasi zangu.

Alivipokea vitambaa, akavitandaza kando ya kofia. Kwangu kulikuwa na majani. Kwa Kasimu kulikuwa na nyota, nyota zenye ncha nne, zimesimama mbalimbali, na nafasi pana kati yake. Hakukuwa na jani hata moja kwake, wala nyota kwangu.

"Hizi si moja," Mzee Shomari alisema. "Nilizitoboa zote mbili, na hata leo ningezitoboa." Akaziinua kofia. "Na hizi ni moja. Sasa anayenidanganya ni nani, macho yangu au nyie?"

Ndipo Bi Mwanahawa akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema, kwamba kofia zote mbili zimeshonwa nyumba moja. Kasimu akamwuliza nyumba ya nani. Yule mama alinitazama kwanza.

"Kwa huyu. Dada yake aliniomba kazi ya ziada, nami nikampa kitambaa chako, Kasimu. Siwaambii washonaji mchoro ni wa nani, sijawahi."

Sikujua. Mimi nilishinda barazani kwa Mzee Shomari mchana kutwa, na Tatu alishona uani kwetu mchana huohuo. Jioni tukila hatukuzungumza kazi. Lakini nani angeamini kwamba mchoro wa mtu ulilala ndani ya nyumba yangu nami sikuuona? Kasimu hakupandisha hata sauti. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kuniomba mwiba wangu auvunje. Nikautoa mfukoni. Nilimfikiria Hamisi, aliyekuwa bado shuleni, na nilifikiri: basi naye anaacha sasa.

Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi.

"Ni mimi niliyesogeza," alisema.

Mzee Shomari akamwita aje karibu. Tatu hakuwa msemaji, na mbele ya wanaume wale aliongea akitazama mkeka. Alichukua kitambaa changu nilichotoka kuchora, akakikunja kama mtu anavyokunja kofia kuitia mfukoni, akakibana kiganjani, akakifungua. Palipokuwa na nafasi yangu tupu, ile niliyojivunia, pamejaa mikunjo. Akafanya vilevile kwa kitambaa cha Kasimu. Mikunjo mahali palepale.

"Palipoachwa wazi panakunjika," alisema. "Kofia ya hivyo ikifuliwa mara ya pili inalala. Kwa hiyo nasogeza, mpaka vitundu vishikane. Yule wa nyota nilisogeza nyota. Kwako nilisogeza majani." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nasogeza zote, Kaka. Tangu zamani. Usikasirike."

Mzee Shomari alichukua penseli. Kwenye kitambaa changu akachora majani yaleyale, ila safari hii ncha zikigusana, mstari baada ya mstari. Na kati ya kila majani manne, palepale ambapo hakuchora kitu, ikatokea nyota yenye ncha nne. Alimsukumia Kasimu kile kitambaa. Kasimu alikitazama, akakigeuza kichwa chini miguu juu, akakitazama tena. Kisha akachukua kipande chake mwenyewe, akasogeza nyota zake kwa penseli, na majani yangu yakatokea katikati yake.

Hakunyoosha mkono tena. Mwiba wangu ukabaki kwangu.

Hapo mngedhani mambo yamekwisha, lakini Bwana Mbaraka alikuwa bado amesimama, naye alikuwa na harusi. Aliuliza ua ni la nani, maana kwao kofia ya harusi lazima iwe na mwenyewe wa kushukuriwa. Kasimu akasema ni lake kwa kuwa lilivaliwa kwanza. Ningeweza kubishana, nilikuwa na vitundu vyangu vya ushahidi. Lakini vitundu vile vilitobolewa kwenye ua lenye nafasi, na ua lenye nafasi halikuwepo tena popote isipokuwa kwenye kipande kile cha bafta. Nikasema si langu. Nikasema wala si lake.

Mzee Shomari akamwuliza Tatu kama ni lake.

"Mimi sikuchora, Mzee. Nilisogeza tu."

Mzee alikuna goti. Mshonaji hakuwahi kuwa na ua. Halikuwa jambo lililokatazwa, ila hakuna aliyewahi kuliwaza. Mwishowe alitoa mwiba wake, akaitwaa kofia niliyomshonea bwana harusi, yaani aliyoishona Tatu, akatoboa kitundu kimoja kwenye pindo. Akampa Kasimu.

"Natoboa," Kasimu alisema, "lakini sijaridhika."

Alitoboa. Bwana Mbaraka akakumbusha kwamba aliomba ua ambalo halijavaliwa na mtu, na Kinondoni kuna mtu amelivaa. Kasimu akairudisha kofia ya shemeji yake mkekani. "Yeye nitamchorea nyingine. Atanuna, lakini atavua."

Mimi nilitoboa wa mwisho. Harusini, mama wa bwana harusi alimfuata Tatu upande wa wanawake akamshukuru kwa jina lake. Tatu alirudi nyumbani akalala kutwa nzima, macho yakimwuma kwa kushona.

Mnadhani nilistarehe baada ya pale? La. Kabla ya siku ile nilidhani aliyeshika njia safi hawezi kufanana na mwenzake. Sasa nilijua watu wawili wasiojuana, wenye mikono safi, wanaweza kukutana mahali pamoja. Kila nilipochora kitu nilianza kutazama kisicho kitu kilicho katikati, nikijiuliza ni cha nani. Niliacha kuinamisha kichwa. Nikawa kama Mzee Shomari, nasimamisha watu barabarani. Kupitisha nako kulibadilika: wakubwa wakakataa kutoboa penseli, wakataka kwanza kipande kilichoshonwa na kufuliwa. Kazi ikawa ya polepole, tukanung'unika sana, na maua yaliyogombaniwa yalipungua lakini hayakuisha. Na nilipochora, Tatu alikaa kando yangu na kidole chake, ananionyesha patakapokunjika. Kuanzia hapo sijui tena ipi ilikuwa yangu na ipi yake. Nimechoka kutafuta.

Kwa hiyo, Mwajuma, ninachoweza kukupa ni kidogo. Tazama kazi za wenzako zote, usijifiche. Tazama nafasi zilizobaki kabla ya kutazama ulichochora. Ujue mkono wa nani utaipokea kazi yako baada yako, na uitazame tena ikishatoka mkononi mwake. Ukishafanya hayo, hisia itabaki vilevile. Chora nayo.

Ua lile lilienea. Baada ya harusi kila mtu alilitaka, na Tatu hakumzuia mtu. Sasa liko kwenye mashine. Mwaka huu kijana mmoja wa hapa nyumbani aliniletea kofia ya dukani kama zawadi ya Idi, na nilipoitazama niliitambua: majani yetu, nyota zetu, zote zipo. Niliinuka kwa shida nikampelekea Tatu. Macho yake yameisha, anaona mwanga tu. Nikamtia kofia mkononi, nikamwambia akisie ni ua gani.

Aliigeuza nje ndani. Akapitisha kidole gumba kwenye ukuta, polepole, kitundu hadi kitundu, akasimama mahali, akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Pameachwa nafasi," alisema. "Itakunjika hii."

Nikamwambia ni ua letu lile, la harusi, kila mtu analijua.

"Siyo lile, Kaka," alisema, akinirudishia. "Linafanana tu."